Maganda ya mboga: tule au tutupe?

*Daktari, nauza chipsi Kasulu mjini. Kila jioni namwaga ndoo ya maganda ya viazi na vitunguu, nami nasikia yana antioksidanti. Watoto wayale? – Mama J.*

Mama J, ni kweli: kemikali hizo zinazokinga seli huwa nyingi zaidi kwenye ganda. Viazi vitamu visugue vizuri, uvichemshe na maganda yake. Ganda kavu la kitunguu halitafuniki. Lioshe, lichemshe kwenye supu, kisha liopoe. Ganda la kiazi mviringo lenye rangi ya kijani litupe: lina sumu iitwayo solanini, na kupika hakuimalizi. La muhogo msile kabisa, lina sumu ya sayanaidi. Hata mbuzi asipewe likiwa bichi. Mtoto akila maganda hayo yenye sumu kisha akatapika au akahema kwa shida, mkimbize hospitali mara moja.