SOMO: NAMNA YA KUTIA VIDEO KATIKA WIKI



Wengi walituuliza: «Zile picha zenye kutembea, munaziingiza namna gani katika Wikipedia?» Tunajibu hapa. Tutasema na kosa letu, ili mwingine asilirudilie.

1. Wiki ni nini? Siyo wiki ya siku 7. Ni neno la lugha ya Hawaii, maana yake «haraka». Ward Cunningham wa Marekani alifungua ya kwanza mwaka 1995. Ni kurasa ambazo wasomaji wenyewe wanaandika na kusahihisha. Wikipedia ilianza mwaka 2001, na iko hata ya Kiswahili.

2. Ghala kwanza. Video tunaipeleka kwanza katika ghala inayoitwa Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004. Faida yake: faili moja inatumika katika Wikipedia za lugha zote. Kupeleka faili kunaomba kuwa na akaunti.

3. Aina ya faili. Telefone nyingi zinatoa MP4. Ufundi wake ulifungwa na haki za wavumbuzi, na mwaka 2014 watu wa Commons walishauriana, wengi wakaikataa. Basi tunaigeuza kuwa WebM, ambayo iko huru. Chombo kinachoitwa video2commons kinaweza kuigeuza na kuipeleka. Lakini mukate kwanza vipande visivyofaa, kwa sababu mega ni franka!

4. Kuitia katika ukurasa. Fungua ukurasa upande wa kuandika, weka mustari huu:

[[File:Kusuka kitunga.webm|thumb|Mikono ya mama anayesuka kitunga]]

Jina liwe sawasawa na lile la ghala, herufi kwa herufi. «thumb» inaifanya ndogo kando ya maandishi. Maneno ya mwisho ndiyo maelezo. Ukiongeza |thumbtime=5, picha ya kusimama itatoka sekunde ya 5. Tazama kwanza, kisha uhifadhi.

5. Na YouTube? Wikipedia haichezeshi video ya YouTube ndani ya makala. Mwenyewe anaweza kuifuta kesho, na tena nyingi haziko na ruhusa ya kutumiwa na watu wote. Lakini masomo yenye wiki yake yenyewe ya MediaWiki inaweza kuongeza kipande kinachoitwa EmbedVideo, ambacho kinafanya kazi hiyo.

6. Kosa letu. Tulimpiga video mama mmoja wa hapa kijijini akisuka vitunga. Alikubali, akacheka. Jioni, tulipofika mahali pa kuchagua ruhusa, tulisoma kama kila mtu duniani anaweza kuichukua, kuikata, hata kuiuzisha, na ruhusa hiyo ukiisha kuitoa hairudi. Tukanyamaza. Mama alikubali telefone yetu. Dunia nzima hatukumuuliza.

Kesho yake tulirudi tukamueleza yote. Alifikiri sana, kisha akasema: «Watoto wangu, mikono muichukue. Uso wangu muniachie.» Ile ya kwanza tuliifuta. Tulianza upya, mikono tu. Tulizimisha na redio ya jirani, maana wimbo ule ulikuwa na mwenyewe. Na kweli, mikono peke yake inafundisha vizuri kupita ile ya mbele.

Ndugu, kutia video ni mustari moja. Kuuliza ruhusa kulituomba siku mbili. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mkubwa asimcheke mdogo anayekawia hapo.

MAULIZO YA KUJIPIMA

a) Sababu gani tunapita kwanza katika ghala?
b) Mwenzako amepiga video ya wadogo wa mwaka wa kwanza wakioga mtoni. Anakuomba umusaidie kuitia. Utamwambia nini?

Majibu ya (b) tutayasikiliza pamoja katika mkutano wa wanafunzi.

Sisi wakubwa wenu wa mwaka wa mwisho