UKURASA WA AFYA: Picha Inatuambia Nini juu ya Uvimbe wa Kongosho?



Mwezi huu tujifunze juu ya kiungo ambacho wengi hawakijui mpaka kiugue, nacho ni kongosho. Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Urefu wake ni sentimita 15 hivi. Hutoa maji yanayosaga chakula, na hutengeneza insulini inayoongoza sukari mwilini. Kwa kuwa limejificha hivyo, ni vigumu kuugundua uvimbe wake mapema kwa kupapasa tumbo. Ndiyo maana tunahitaji picha.

DALILI

Mrija wa nyongo hupita katika kichwa cha kongosho. Uvimbe ukiota hapo huubana, na nyongo huingia katika damu. Macho huwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo hupauka na mwili huwasha. Mara nyingi mwanzoni hakuna homa wala maumivu makali. Uvimbe ukiwa mkiani, manjano huchelewa. Mgonjwa hukonda, huumwa tumbo hadi mgongoni, au hupata kisukari ghafla ukubwani.

Huku kwetu kando ya ziwa kichocho na homa ya ini vipo, hivyo watu husema, "Ni ini tu," wakaanza mitishamba. Miezi inapita.

AINA ZA PICHA

(a) Ultrasaundi. Huonyesha kama mrija wa nyongo umepanuka na kama kuna mawe. Lakini hewa ya utumbo huweza kulifunika kongosho. Kwa hiyo, manjano yakiendelea, usitosheke na jibu la kwamba hakuna kitu.

(b) CT-skani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hii huko London mwaka 1971, mwaka uleule ilipofunguliwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa Misungwi hupewa rufaa. Mashine huonyesha mwili vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa. Mgonjwa hudungwa dawa mshipani ili nyama zionekane vizuri. Aeleze mapema kama ana mimba, mzio au ugonjwa wa figo.

Saratani ya kawaida ya kongosho hupokea dawa hiyo kidogo, hivyo huonekana nyeusi kuliko nyama inayoizunguka. Aina nyingine, inayotokea mara chache na kuanzia katika chembe za homoni, mara nyingi hung'aa, nayo kwa kawaida hukua polepole zaidi.

Kisha daktari hutazama mishipa mikubwa ya damu. Mfikirie mvuvi na magugumaji. Yakigusa mtumbwi upande mmoja, atausukuma atoke. Yakiuzunguka pande zote, amekwama. Vivyo hivyo, uvimbe usiogusa mishipa huweza kukatwa. Ukiizunguka mishipa, au ukiwa umefika kwenye ini, upasuaji wa kuuondoa kwa kawaida haufai.

Siku hizi watafiti wanafundisha kompyuta kusoma picha hizi na kubashiri ukali wa uvimbe. Ni msaada, lakini ubashiri si hukumu. Hata uvimbe usio saratani huweza kufanana nayo. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kupima kinyama kidogo cha uvimbe.

TULIYOJIFUNZA

Tulimpokea mzee mmoja mwenye manjano ya miezi mitatu. Wanawe walikuwa tayari kuuza ng'ombe wote ili apasuliwe. Picha ilionyesha mishipa imekwisha kuzungukwa. Ilikuwa habari nzito, lakini ilimwepusha na kisu kisichomfaa. Nyongo ilifunguliwa njia, muwasho ukaisha, akapewa dawa za maumivu, akapokea Mpako wa Wagonjwa akiwa na fahamu zake. Ng'ombe walibaki kwa wajukuu. Lakini tulijiuliza: je, angekuja wiki ya kwanza?

TUFANYE NINI?

1. Manjano ya macho, hata bila maumivu, nenda zahanati au hospitali wiki hiyohiyo.
2. Uliza kuhusu ultrasaundi. Ukipewa rufaa, usiiweke kabatini.
3. Tunza picha na majibu yote, uende nayo kila unakotibiwa.
4. Acha sigara, maana huongeza hatari ya saratani hii.
5. Tusimsingizie jirani uchawi. Tumpeleke mgonjwa akapimwe.

Mungu awabariki, nasi tuwaone mapema.