Uadilifu wa Adhabu ya Mwenyezi Mungu: Kauli za Mayahudi na Mauti ya Hanang

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, hii ni risala fupi katika mas-ala ambayo watu huyatamka kwa ulimi mwepesi na hali uzito wake ni mkubwa: adhabu ya Mwenyezi Mungu humpata nani, na nani ajuaye kuwa iliyompata mtu ni adhabu?

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, ubavu wa mlima Hanang ulimeguka baada ya mvua nyingi. Tope, mawe na miti vikashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima. Walikufa watu zaidi ya 80, wakubwa kwa wadogo, na maelfu wengine wakapatwa na msiba. Katesh iko katika njia itokayo Babati kwenda Singida, na Bagara ni sehemu ya mji huo wa Babati. Basi watu wa Bagara hawakuipokea khabari hii kama ipokewavyo khabari ya nchi za mbali; ilikuwa khabari ya jirani. Na katika msiba kama huu hakosekani barazani mtu wa kusema, bara na pwani ni mamoja, ya kwamba wale walikuwa na dhambi zao. Wengine wakamjibu kuwa ni mvua tu, wala hapana jingine.

Huyu wa kwanza hudhani amesema neno la dini. Neno lake ni la kale, na katika waliolijadili mno kabla ya umma huu ni Wana wa Israili, kwani misiba yao ilikuwa mingi na vitabu vyao vimejaa maswali yake. Yafaa Mwislamu ayajue waliyoyasema, si kwa kuyafuata, bali kwa sababu Qurani imewasadiki katika baadhi yake na imewarudi katika baadhi. Na asomaye jibu bila ya kulijua swali hufahamu nusu. Tena Mayahudi si watu wa kusikika tu katika nchi hizi. Nairobi wana sinagogi yao tangu zama za ukoloni, na karibu na Mbale, katika Uganda, wako Abayudaya, ambao mkubwa wao, Semei Kakungulu, aliishika dini hiyo mwaka 1919, na zama za Idi Amin wakakatazwa ibada zao, nao hawakuisha.

La kwanza walilogombania ni mtoto kuadhibiwa kwa dhambi ya baba yake. Katika Taurati iliyo mikononi mwao, kwenye zile amri kumi, imetajwa kuwa uovu wa wazee hufuatiliwa kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Katika kitabu cha mwisho cha Taurati hiyo hiyo imekatazwa kumwua mwana kwa kosa la baba au baba kwa kosa la mwana. Kisha Mayahudi wakahamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na huko wakawa na methali ya kulalamika, kwamba wazee ndio waliokula zabibu kali na meno ya watoto ndiyo yaliyotiwa ganzi. Hizkieli, ambaye wao humhesabu katika Manabii, akaikataza methali hiyo, akafundisha kuwa nafsi ifanyayo dhambi ndiyo itakayokufa kwa dhambi yake. Wanazuoni wao wa Talmudi walipozikusanya kauli hizi walikhitilafiana. Wako waliosema kuwa wana wanaoadhibiwa ni wale tu wanaoyashika matendo maovu ya baba zao. Na mmoja wao, Yose bin Hanina, alisema waziwazi kwamba Musa aliipitisha hukumu ile na Hizkieli akaja akaiondoa.

Msomaji na asimame kidogo hapa. Mayahudi wengi walipojadiliana na Waislamu walikuwa wakikana kabisa kuwa hukumu ya Mwenyezi Mungu yaweza kufutwa kwa hukumu ije baada yake, na hii ilikuwa hoja yao kubwa juu ya utume wa Muhammad (s.a.w.). Na huyu hapa mwanachuoni wao, katika kitabu chao, akisema kwamba nabii ameiondoa hukumu ya Musa! Walakini Qurani imetoa jibu jepesi kuliko yote mawili. Katika Suratun Najm imeelezwa kwamba kutobebeshwa mtu mzigo wa mwenziwe ni jambo lililokuwamo tangu katika sahifa za Musa na Ibrahimu. Basi haikuwa hata siku moja haki ya Mwenyezi Mungu kumtoza mjukuu deni la babu.

La pili ni gumu zaidi: je, kila afaye ghafula amekufa kwa dhambi yake? Yuko katika wanazuoni wao, jina lake Ami, aliyesema kuwa hapana mauti bila ya dhambi wala maumivu bila ya kosa. Talmudi haikumwacha nayo. Ilimtajia watu wanne katika watu wa kale waliokufa na hali hawakuwa na dhambi, ikahukumu kuwa kauli yake imevunjika. Na mahali pengine wamefundisha kuwa akishaachiwa mharibifu hapambanui baina ya mwema na mwovu. Maana ya neno hili Mwislamu haioni ngeni. Katika Suratul Anfal wameonywa watu na fitina isiyowapata madhalimu peke yao. Na katika Sahihi ya Bukhari iko hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) juu ya jeshi litakalodidimizwa ardhini kabla ya kuifikia Al-Kaaba: aliuliza vipi watadidimizwa wote na hali miongoni mwao wako watu wa masoko na wasiokuwa pamoja nao, akajibiwa kuwa watadidimizwa wa mwanzo wao na wa mwisho wao, kisha watafufuliwa kila mtu kwa nia yake. Ardhi huwameza pamoja. Hesabu ni mbalimbali.

Hapo ndipo akili inapouliza: na huyo aliyemezwa bila ya kosa, haki yake i wapi? Swali hili liliwagawa Waislamu kabla ya kuwagawa Mayahudi, na baadhi ya Mayahudi walilichukua jibu kwetu. Muutazila walisema kuwa ni wajibu juu ya Mwenyezi Mungu kumlipa kila aliyeumizwa, hata mnyama. Said bin Yusuf wa Fayyum, ambaye Mayahudi humwita Saadia, aliyefariki mwaka 942, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha itikadi zao, na ndani yake akafuata njia iliyo karibu na hiyo: watoto wadogo wanaoumia bila ya dhambi watapewa badala yake huko mbele.

Katika zama hizo hizo Imamu Abul Hasan Al-Ash'ari aliachana na mwalimu wake Al-Jubbai, mkubwa wa Muutazila wa Basra. Imepokewa kuwa alimwuliza khabari ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima mcha Mungu, wa pili mtu mzima kafiri, wa tatu mtoto. Al-Jubbai akasema wa kwanza ana daraja za juu, wa pili yumo Motoni, na mtoto ameokoka bila ya daraja. Imamu akasema: na mtoto akiuliza kwa nini hakuachwa akue apate daraja? Akajibiwa: ataambiwa kuwa Mwenyezi Mungu alijua lau angekua angeasi, basi kufa kwake ndiyo kheri yake. Imamu akasema: na yule kafiri akilia toka Motoni, kwa nini naye hakufishwa mtoto? Al-Jubbai hakuwa na la kusema. Mwenye kumwekea Mwenyezi Mungu mizani ya wajibu hufika hapa, apende asipende. Madhehebu ya Ahlus Sunna ni kuwa hakuna lililo wajibu juu yake. Dhuluma ni kutumia kisicho chako, na hakuna kisicho chake. Na thawabu atoayo ni fadhila, na ahadi yake haivunjwi.

Musa bin Maimuni, mwanachuoni mkubwa wa Mayahudi, tabibu wa watawala wa Misri, aliyefariki mwaka 1204, aliyajua mabishano haya vyema. Katika kitabu chake *Dalalat al-Hairin*, alichokiandika kwa Kiarabu, alizipanga kauli tano: ya Epikuro, ya Aristoteli, ya Ash'ariya, ya Muutazila, na ya Taurati. Yake ilikuwa kwamba mwanadamu ana hiari na kwamba yote yampatayo ni kwa kustahiki kwake, ijapokuwa watu hawaijui njia ya kustahiki huko. Tena alipokifasiri kisa cha Nabii Ayyubu aliwagawia kauli hizo marafiki waliokuja kumtazama: Bildadi akampa ya Muutazila, na Sofari akampa ya Ash'ariya. Ni werevu wa kuchekesha kidogo, kuwatia watu wa kale namna ile katika madrasa za Basra na Baghdadi. Na Imamu hakupewa haki yake, kwani mwenye kufundisha *kasb* hakumfanya mja kuwa jiwe. Walakini si Mayahudi wote waliomfuata bin Maimuni. Talmudi yenyewe ina kisa cha Musa kuonyeshwa elimu ya Akiba, kisha kuonyeshwa nyama ya Akiba ikipimwa sokoni baada ya kuuawa na Warumi. Akauliza kama hiyo ndiyo elimu na hayo ndiyo malipo yake, akaamrishwa anyamaze, kwani ndivyo ilivyopita katika elimu ya Mola. Aliyekisimulia kisa hicho yu karibu na Ash'ariya kuliko bin Maimuni.

Ama adhabu ya akhera, hapa Qurani imewarudi. Katika Suratul Baqara wametajwa waliosema kuwa Moto hautawagusa ila siku za kuhesabika, wakaulizwa kama wamechukua ahadi kwa Mwenyezi Mungu. Katika vitabu vyao imo kauli ya Akiba kuwa hukumu ya waovu katika Jahanamu ni miezi kumi na miwili. Na Talmudi imewatoa katika muda huo wazushi na wasaliti na wengineo, ambao kwao ni vizazi na vizazi. Athari yake yaonekana hata leo: mwana wa Kiyahudi humsomea mzazi wake aliyekufa dua yao ya *kadishi* miezi kumi na mmoja, asitimize wa kumi na mbili, ili asije akaonekana kumhesabu mzazi wake katika waovu. Adabu ya mtoto ni nzuri. Lakini muda wenyewe hauna ahadi.

Sasa turejee kwa yule wa barazani. Marafiki wa Ayyubu, kama kilivyo kisa katika kitabu cha Mayahudi, walimwambia mtu aliyefiwa na wanawe wote kuwa hapana asiye na kosa aliyeangamia. Na mwisho wa kitabu Mwenyezi Mungu aliwakasirikia wao. Wanazuoni wa Talmudi hawakukiacha kuwa kisa tu, walikifanya hukumu: ni haramu kwao kumwambia mgonjwa, au aliyepatwa na mateso, au aliyezika watoto wake, maneno kama waliyomwambia Ayyubu marafiki zake. Wameliweka katika mlango wa kumwudhi mtu kwa maneno, nao ni mzito kwao kuliko wa kumpunja mtu kwa mali. Hata hivyo si wote waliojizuia. Baada ya Wajerumani wa Hitler kuwaua Mayahudi kama milioni 6, Joel Teitelbaum aliandika katika kitabu kilichotoka 1961 kuwa ile ilikuwa adhabu kwa ajili ya harakati ya kutaka dola kabla ya kuja Masihi wao. Wengi walikasirika naye. Eliezer Berkovits, katika kitabu cha 1973, alikataa kabisa kuwa waliouawa walikuwa wakilipishwa dhambi.

Na katika sharia ya Kiislamu hukumu ya mauti ya Hanang haiko gizani. Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyegharikishwa na aliyeangukiwa na jengo katika mashahidi, na wanazuoni wamemtia aliyefunikwa na udongo katika hukumu hiyo. Mwislamu aliyekufa katika tope la Katesh ni shahidi wa akhera: huoshwa, akavikwa sanda, akasaliwa, tafauti na shahidi wa vita. Imamu Nawawi ametaja katika *Minhaj* kuwa asiyewezekana kutolewa wala kuoshwa hasaliwi, na baadhi ya waliokuja nyuma wamekhiari asaliwe. Kwa hivyo kumtafuta maiti chini ya tope si huruma tu, ni haki yake. Watoto wa wasiokuwa Waislamu, Nawawi ameisahihisha kauli ya kuwa ni watu wa Peponi. Na wale ambao da'wa haikuwafikia sawasawa, Imamu Ghazali amewataja kuwa wana udhuru. Basi huyo asemaye kuwa wale walikuwa na dhambi zao, amsemee nani katika hawa?

Na yule aliyesema ni mvua tu hakukosea katika mvua. Wataalamu walieleza kuwa sehemu ya mlima ilinyonya maji mengi ikameguka, na hii ndiyo ada aliyoipitisha Mwenyezi Mungu katika udongo na maji. Kuijua ada hiyo, na kutojenga katika mkondo wa maji ya mlima, ni katika kuhifadhi nafsi.

Mwenye kwenda kutoa tanzia, muda wake ni siku tatu, na maneno yake yamepangwa katika vitabu vya fiqhi. Mwislamu aliyefiwa na Mwislamu huombewa ujira mkubwa na faraja njema, na maiti wake huombewa maghufira. Mwislamu aliyefiwa na asiyekuwa Mwislamu huombewa ujira na subira. Asiyekuwa Mwislamu aliyefiwa na Mwislamu, maiti wake huombewa maghufira naye huombewa faraja. Katika namna zote tatu hamna neno la kutaja maiti alitenda nini.