Kabla ya Kufunga Januari

Somo: Matendo 27:21–38. Soma pia Matendo 17:11 na 1 Timotheo 4:1–5.



Mwaka 2023 unaisha na wenye maduka wameanza kuhesabu mali. Kanisa nalo lihesabu. Ukiwauliza watu pale feri Likoni habari kubwa ya mwaka huu ni gani, wengi watakutajia mafuta. Petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita mwezi Septemba, na nani atasahau wakati nauli inamkumbusha kila asubuhi? Mwenye payslip atataja makato ya nyumba, asilimia 1.5, ambayo Mahakama Kuu ilisema mwezi Novemba hayafuati katiba na bado yanakatwa. Vijana watasema Faith Kipyegon na rekodi zake tatu za dunia, au Kelvin Kiptum aliyemaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Watu wa Mtongwe watakuambia Mfalme Charles alifika hadi kambi ya wanamaji pale kwao. Halafu mvua za El Niño, zilizowaacha wengi wetu hapa Pwani wakichota maji ndani ya nyumba.

Lakini kwa sisi tuliookoka, habari ya mwaka ni moja tu, na naona tunaikwepa. Mtu akikuona na Biblia kwenye matatu anakutania, "Mnaelekea Shakahola?" Unacheka kidogo, unashuka, yameisha.

Hayajaisha. Mwezi Machi polisi walimkamata Paul Mackenzie kwa sababu ya watoto wawili waliosemekana kufa njaa, akatoka kwa dhamana. Aprili miili ikaanza kufukuliwa msituni, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imepita 400. Wapasuaji wa serikali walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine, wakiwemo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Kesi kubwa bado. Mwanzoni mwa mwezi huu mahakama ya Malindi ilimfunga mwaka mmoja, lakini hiyo ni ya kuonyesha filamu bila leseni. Yeye anakana makosa, na hukumu tutaiachia mahakama.

Swali letu ni lingine. Tumezoea kusema, "Yule hakuwa mtumishi wa kweli," kisha tunaendelea na sifa. Sawa, lakini waliokufa walikuwa watu wa maombi. Waliacha kazi, wakatoa watoto shule, wakasafiri kutoka sehemu nyingi za Kenya wakidhani wanamfuata Yesu. Na maneno yaliyowapeleka kule ni maneno yetu sisi: kufunga, siku za mwisho, kumtii mtumishi. Maneno hayo hayo yatasikika kwenye madhabahu yetu wiki mbili zijazo tukitangaza mfungo wa siku 21.

Kwa hiyo twende kwa Paulo. Meli inapigwa na dhoruba, watu 276 ndani, siku ya kumi na nne hawajala kitu. Usiku mmoja malaika amemwambia Paulo kwamba hakuna atakayepoteza maisha. Sasa angalia. Mtu mwenye neno la malaika mkononi angeweza kusema, "Kaeni hivyo hivyo, Mungu ameshasema mtapona." Paulo anawasihi wale. Anawaambia chakula ni kwa ajili ya uzima wao, anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaanza kula yeye kwanza. Ndipo na wao wakachangamka. Ahadi ya Mungu haikufuta haja ya mkate. Na kiongozi alitangulia kula, hakuketi pembeni ameshiba akihesabu nani amevumilia.

Mimi nilisoma biashara kabla ya kuitwa, na kuna kitu cha huko nimekileta kanisani. Mkaguzi wa hesabu hamuulizi mweka hazina kama ana nia njema. Anaomba risiti. Kampuni ikikuambia vitabu vyake ni vitakatifu mno havikaguliwi, usiweke hata shilingi yako. Watu wa Beroya walimkagua Paulo mwenyewe, kila siku, na Luka anawasifu kwa hilo. Haandiki kwamba wameasi.

Basi nisikieni vizuri, na mchungaji wetu amekubali niandike hivi. Mimi nikisimama madhabahuni nikakuambia uache dawa, umtoe mtoto shule, uuze ploti, au uwakate ndugu zako wa nyumbani, usiniombee kwanza. Toka nje, mwambie mzee wa kanisa, na ikibidi nenda kwa chifu au polisi. Tutaombeana baadaye.

Mfungo wenyewe unaanza Jumatatu tarehe 8 Januari. Tunafunga kutwa na tunafungua saa kumi na mbili jioni, kila siku. Maji unakunywa. Watoto hawafungi, hata yule anayelia anataka kufanya kama mama. Wajawazito na wanaonyonyesha hawafungi chakula. Mwenye sukari, presha, vidonda vya tumbo, mwenye kutumia ARV au dawa za TB, ongea na daktari kwanza, na dawa zako usiruke hata siku moja. Anayejidunga insulini akikaa na njaa anaweza kuzimia akiwa peke yake chumbani, na tutasema ni upako. Hao wote wana saa ya maombi kama sisi, na hakuna atakayeulizwa imani yake iko wapi. Danieli alikula mboga.

Viongozi wa ushirika wa nyumbani, kila jioni pigieni simu walio kwenye kundi lenu. Asiyepokea mara mbili, mfuateni nyumbani usiku huo huo, msingoje ibada ya Jumapili.

Kina mama wa Dorkasi watapika uji kanisani kwa wanaotoka kazini bandarini na Changamwe moja kwa moja. Njoo na kikombe chako.