Jina la Ukoo Lenye Mji Ndani Yake: Mwongozo wa Kufuatilia Majina ya Kihindi Ukiwa Ndabibi

Ukitoka Ndabibi kwenda Naivasha kununua mabati, saruji au vipuri vya pampu, mara nyingi utarudi na risiti iliyochapishwa jina la ukoo la Kihindi. Baadhi ya majina hayo yamebeba mji au kijiji ndani yake: Bulsara, Bharucha, Poonawalla, Ahluwalia. Ukijua kuyasoma, unaweza kufuatilia safari ya familia kutoka Gujarat au Punjab hadi Bonde la Ufa. Mwongozo huu unamfaa mwalimu wa historia, mwanafunzi mwenye kazi ya mradi, na yeyote anayetaka kujua wenye maduka anakonunua walitokea wapi.

Utahitaji daftari, kalamu, simu yenye ramani na subira. Shika kanuni moja tangu mwanzo: mji ulio ndani ya jina ni dokezo la kuchunguza. Usiuchukue kama anwani.

Hatua ya 1: Jua pa kutafuta

Usianze kwa kuzunguka mashambani. Kati ya 1896 na 1901 vibarua na mafundi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Uganda, wengi wao kutoka Punjab. Takriban 2,500 walifariki, na kama 6,700 walibaki baada ya mikataba kwisha. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch nao walifungua maduka kufuata njia ya reli. Ila ardhi ya kilimo ya nyanda za juu, pamoja na ile ya kando ya Ziwa Naivasha, ilitengewa walowezi Wazungu, na Waraka wa Devonshire wa 1923 ukaidumisha hali hiyo. Mhindi aliweza kupata duka mjini, lakini shamba huku alizuiwa. Ndiyo maana majina ya zamani yako Naivasha, Gilgil na Nakuru. Tafuta:

- vibao vya maduka, na maandishi yaliyochongwa juu ya majengo ya zamani;
- mawe ya msingi ya shule, hospitali, misikiti na mahekalu;
- makaburi, ukikumbuka kwamba Wahindu na Masingasinga huchoma maiti, hivyo huko utakuta zaidi majina ya Waislamu na ya Wagoa, ambao wengi ni Wakristo;
- Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza kuchapishwa 1899, lenye matangazo ya mirathi, leseni na ubia wa biashara;
- Nyaraka za Taifa, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India.

Andika kila jina herufi kwa herufi kama ulivyolikuta, pamoja na mahali na mwaka. Usisahihishe tahajia. Bilimoria na Billimoria zinaweza kuwa familia moja iliyoandikwa na makarani wawili.

Hatua ya 2: Chuja yasiyo ya mahali

Majina mengi uliyokusanya hayatakuwa ya mahali. Yaweke kando kwa mafungu manne.

*Majina ya babu.* Jeevanjee, Karimjee na Visram yanatokana na jina la mtu. Mwisho wa -ani kwa jamii za Makhoja, Walohana na Wasindhi kwa kawaida humaanisha kizazi cha fulani, kama Madhvani wa kiwanda cha sukari cha Kakira, Uganda, au Mamdani wa msomi Mahmood Mamdani. Usihangaike kutafuta mji uitwao Mamda.

*Vyeo na kazi.* Patel alikuwa mkuu wa kijiji. Desai na Mehta ni majina yaliyotokana na utumishi na uandishi wa hesabu. Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally mara 5, jina lake halituelekezi kwenye kijiji chochote.

*Majina ya dini.* Singh kwa wanaume na Kaur kwa wanawake ni alama ya Usingasinga. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, na wengi walimjua kwa Singh tu, ingawa ukoo wake ni Bhachu.

*Majina ya Kireno.* Wagoa kama Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi 1927 na kuuawa 1965, wana majina yaliyoingia Goa pamoja na Wareno na ubatizo.

Hatua ya 3: Soma mwisho wa jina

Yaliyobaki yapange kwa miisho yake. Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, basi usiharakishe.

*-wala au -walla.* Utaukuta kwa Mabohora na Wamemoni, ambao ni Waislamu, na kwa Waparsi, waumini wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi. Poonawalla ni mtu wa Poona. Cyrus Poonawalla alianzisha Serum Institute mjini humo mwaka 1966, na chanjo za kwanza za Covid zilizofika Kenya Machi 2021 zilitengenezwa na kampuni hiyo. Mandviwalla ni wa Mandvi, bandari ya Kutch iliyopeleka majahazi Zanzibar na Mombasa kwa karne nyingi. Jihadhari, kwani mwisho huuhuu hushikamana na kazi pia: Lokhandwala ni wa chuma, Daruwala ni wa pombe. Kabla ya -wala lazima pawe na mji unaoonekana kwenye ramani.

*-a ya Waparsi.* Bulsara ni wa Bulsar, Bharucha wa Bharuch, Khambatta wa Khambhat, Bilimoria wa Bilimora. Miji yote minne iko Gujarat. Sam Bharucha alikuwa Jaji Mkuu wa India kuanzia 2001 hadi 2002, na Persis Khambatta aliigiza katika filamu ya Star Trek ya 1979.

*-kar.* Ni mwisho wa Wamarathi na Wakonkani. Mangeshkar ni wa Mangeshi, kijiji cha Goa chenye hekalu mashuhuri. Parrikar ni wa Parra, Goa pia. Manohar Parrikar alikuwa waziri wa ulinzi wa India.

*-i na -vi.* Msomaji wa Kiswahili anaujua mwisho huu kwa Mshirazi, aliyehusishwa na Shiraz. Kwa Waislamu wanaotumia Kiurdu hufanya kazi hiyohiyo. Sahir Ludhianvi, mtunzi wa nyimbo za filamu, ni wa Ludhiana. Mshairi Kaifi Azmi ni wa Azamgarh.

*Kijiji chenyewe, au kijiji na -walia.* Punjab ina watu waliochukua jina la kijiji au mji bila kuongeza kitu, kama wanasiasa Parkash Singh Badal na Surjit Singh Barnala. Ahluwalia ni wa Ahlu, kijiji karibu na Lahore, na jina lilienea kupitia kiongozi wa vita Jassa Singh Ahluwalia wa karne ya 18. Pal Ahluwalia, msomi mzaliwa wa Kenya, alikuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini alipofukuzwa Fiji mwaka 2021.

*Herufi za mwanzo.* Kusini mwa India mahali hutangulia. S. Radhakrishnan, rais wa pili wa India, ni Sarvepalli Radhakrishnan, na Sarvepalli ni kijiji. M. S. Swaminathan, mtaalamu aliyesaidia kuipa India mbegu za ngano fupi yenye mazao mengi katika miaka ya 1960, alibeba Mankombu, kijiji cha Kerala, katika M yake. Ukikutana na herufi kwenye kibao, uliza zinasimamia nini kabla ya kuzipuuza.

Hatua ya 4: Tafuta mahali kwa jina la zamani

Ukiandika Bulsar kwenye ramani ya simu, huenda usipate kitu. Majina ya ukoo yameganda wakati miji ikibadilishwa majina. Beba orodha hii:

- Bulsar sasa ni Valsad
- Broach sasa ni Bharuch
- Cambay sasa ni Khambhat
- Poona sasa ni Pune
- Rangoon sasa ni Yangon, nchini Myanmar

Kumbuka pia mwaka 1947. Punjab iligawanywa, na vijiji vingi vya mafundi wa reli sasa viko Pakistan. Makhan Singh, baba wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, alizaliwa Gharjakh, Gujranwala, ambako leo ni Pakistan. Kwenye daftari andika nchi ya wakati ule na ya sasa. Ukiandika India peke yake utakuwa umepotosha.

Hatua ya 5: Lijaribu dokezo kwa maswali matatu

*Je, ni walikotoka au walikofanya kazi?* Waparsi wa ukoo wa Adenwalla hawana asili ya Aden. Cowasjee Dinshaw alifanya biashara ya meli huko, kampuni yake ikafungua tawi Zanzibar, na Aden ikabaki katika jina. Rangoonwala nao wana habari inayofanana na hiyo. Familia ya Kigujarati inaweza kubeba bandari ya Uarabuni au ya Burma.

*Je, jina ni la vizazi vingi au la juzi?* Kaifi Azmi alizaliwa akiitwa Athar Hussain Rizvi; Azmi lilikuwa jina lake la ushairi, na bintiye, mwigizaji Shabana Azmi, akalifanya la ukoo. Mangeshkar lilichaguliwa na Deenanath, baba yake mwimbaji Lata Mangeshkar. B. R. Ambedkar, aliyeongoza uandishi wa katiba ya India, alitoka katika ukoo wa Sakpal. Shuleni aliandikishwa kwa jina la kijiji cha Ambadawe, na inasimuliwa kwamba mwalimu wake ndiye aliyeligeuza likawa Ambedkar.

*Je, mwanamke huyu alizaliwa na jina hili?* Asha Bhosle ni mdogo wake Lata Mangeshkar. Ukimfuata kwa jina la ndoa, utaikosa Mangeshi kabisa. Kwa kila mwanamke, tafuta jina la kwao.

Hatua ya 6: Jizoeze kwa mfano mmoja uliokamilika

Chukua Farrokh Bulsara. Jina lake la kwanza ni la Kiajemi na mwisho wa ukoo ni -a, kwa hiyo huyu ni Mparsi. Orodha ya hatua ya 4 inaonyesha kwamba Bulsar leo ni Valsad, na ramani inaiweka pwani ya Gujarat. Dokezo limesimama.

Sasa lijaribu. Farrokh alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni visiwani. Mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Zanzibar, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko akaunda bendi ya Queen na kujiita Freddie Mercury. Jina lake linataja Gujarat, cheti chake cha kuzaliwa kinataja Zanzibar, na dunia inamjua kwa jina lisilo na mahali popote. Ungeishia kwenye hatua ya 4, ungeandika kwamba ni mtu wa Valsad, na safari yote ya Zanzibar ingepotea.

Hatua ya 7: Uliza wenyewe kwa adabu

Karatasi zikikwama, nenda kwa mwenye jina. Usiende mwisho wa mwezi duka likiwa limejaa, wala Ijumaa mchana kwa Mwislamu. Nunua kitu kwanza, kisha jitambulishe: "Habari za kazi, mzee? Mimi ni mwanafunzi kutoka Ndabibi, nafanya mradi wa majina." Kwa mama mtu mzima, "Shikamoo, mama" hufungua mlango haraka kuliko kitambulisho cha shule. Maswali haya yanatosha:

1. Jina hili la ukoo lilianza na nani katika familia yenu?
2. Babu au nyanya alipanda chombo bandari gani, na alishukia wapi?
3. Kabla ya kufika Naivasha, mliishi miji gani ya Afrika Mashariki?
4. Je, kuna ndugu wanaoandika jina hili kwa tahajia nyingine?

Usiulize tabaka lake. Baadhi ya watu waliacha majina ya zamani au kushika ya kijiji ili wasipimwe kwa tabaka, na swali lako linaweza kurudisha kile walichokikimbia. Usimwite kila mwenye kilemba Kalasinga, neno linalosemekana kutokana na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Kala Singh. Usimuulize pia "kwenu ni wapi" kana kwamba Naivasha si kwao: Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti au kupiga picha, na kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kabla ya kuweka habari za mtu hadharani.

Hatua ya 8: Andika matokeo na kiwango cha uhakika

Kila jina lipewe kadi moja yenye mistari mitano: jina kama lilivyoandikwa, mwisho wake, mahali kwa jina la zamani na la sasa, ushahidi, uhakika. Katika mstari wa mwisho tumia maneno matatu tu. *Thabiti* ni pale karatasi na mwenye jina wanapokubaliana. *Yawezekana* ni pale mwisho wa jina na ramani vinapoafikiana bila shahidi mwingine. *Bado* ni pale una sauti tu inayofanana na mji.

Kadi nyingi za mwanzo zitakuwa na *bado*, na hilo si baya. Mwenye kadi 5 thabiti amefanya kazi bora kuliko aliyejaza 40 kwa kubahatisha, kwa sababu za kwake mwalimu mwingine anaweza kuzichukua na kuendelea nazo. Ukimaliza, pelekea kila familia iliyokusaidia nakala ya kadi yake: wao ndio wa kwanza wanaostahili kuirekebisha.