Mlangoni pa Nyumba ya Wageni
Somo: Luka 10:25-37



Tukisoma habari za Msamaria mwema, huwa tunakimbilia pale alipomfunga yule mtu majeraha. Leo tusogee mbele kidogo, hadi mlangoni pa nyumba ya wageni. Mimi nilisomea biashara chuoni, na kila nikifika hapo naona mtu anayepiga hesabu. Alijua mafuta na divai peke yake havitoshi. Akambeba, akamuuguza usiku ule, asubuhi akatoa dinari mbili na kuahidi kulipa kitakachozidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Kwa lugha yetu, alimlaza mgonjwa na akasimamia bili.

Naandika haya kwa sababu ya kesha moja. Mama alituletea kijana wake. Alikuwa hajalala siku nne, anaongea bila kupumzika, na anasikia sauti zikimwamuru ajidhuru. Tuliomba hadi saa tisa usiku. Maombi siyajutii. Ninachojutia ni kumwambia yule mama, "Tungoje Jumapili." Alfajiri kijana alitutoroka, tukampata barabarani katikati ya magari. Ndipo tukaanza kutafuta hospitali, na hakuna aliyejua tuanzie wapi. Ya kwanza ilitaka dipoziti ambayo hatukuwa nayo. Ya pili haikuwa na kitanda. Alilazwa saa nane mchana, na mama yake hajaonja hata chai.

Sasa wacha niseme nilichopaswa kujua usiku ule.

Mtu akisema anataka kujiua, au akijaribu. Akitishia kuumiza wengine. Akikosa usingizi siku kadhaa huku mawazo yanakimbia. Akikataa kula na kunywa. Ama akisikia sauti zinazomwamuru, hiyo ni dharura sawa na mtu anayetokwa na damu. Asiachwe peke yake. Ondoeni visu, dawa na sumu za shamba. Ongea naye polepole, usibishane na zile sauti. Na kamba, ndugu zangu, tuziache kwa mbuzi.

Kama amekunywa sumu, ameumia, ana homa kali au ni mgonjwa wa sukari, nenda kwanza hospitali yoyote ya karibu yenye huduma ya dharura. Malaria kali au sukari ikishuka vinaweza kumfanya mtu aonekane amerukwa na akili. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Taja kifungu hicho kwa heshima, lakini kitaje.

Tukija kwa kulazwa kwa ugonjwa wa akili: Nairobi kuna Mathari, barabara ya Thika, iliyoanza mwaka wa 1910. Najua jina hilo tumeligeuza kuwa tusi mtaani. Ukishapeleka mtu wako pale hutalicheka tena. Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi, Mombasa kuna Port Reitz. Kwingine, anzia hospitali kuu ya kaunti na uulize kama wana wodi ya akili au watakuandikia barua ya rufaa. Ukikwama, laini ya Red Cross 1199 ni ya bure na wanazungumza na watu walio kwenye shida kama hii.

Kabla ya kuondoka piga simu. Kuna kitanda, cha mwanamume ama cha mwanamke? Dipoziti ni ngapi? SHA italipa nini na sisi tutalipa nini? Tunaona aibu kuuliza bei, halafu tunaabika zaidi mlangoni. Beba kitambulisho na dawa zote anazotumia. Aende mtu anayeishi naye, maana daktari atauliza yalianza lini. Waimbaji kumi wabaki nyumbani.

Mgonjwa akikubali, anaweza kulazwa kwa hiari yake. Akiwa hawezi kuamua, Sheria ya Afya ya Akili inaruhusu mume, mke au jamaa kuomba alazwe, na daktari humpima kwanza. Wengine walikuwa wakificha aliyejaribu kujiua wakihofia polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 kilichofanya jambo hilo kuwa kosa kinakwenda kinyume na Katiba. Usimfiche mtu wako.

"Lakini pasta, kama ni pepo?" Naulizwa kila wiki. Tuombe, lakini tuombe gari likiwa linakwenda. Na akitoka na dawa, hakuna mtu wa kanisa hili, nikiwemo mimi, mwenye ruhusa ya kumwambia azitupe. Anayeamua kuzipunguza ni daktari.

Kijana wetu alikaa wodini wiki tano. Nilipomtembelea mara ya kwanza sikujua niseme nini, nikamuuliza anahitaji nini. Akasema sabuni, slipa, na mtu wa kucheza naye drafti. Tuliwekeana zamu, na kusema kweli wiki ya tatu zamu ililegea, mama yake akaenda peke yake siku nne mfululizo.

Washirika watatu wamejitolea magari yao hata usiku wa manane. Orodha iko kwa katibu ofisini. Tunatafuta dada mmoja wa kuandamana na wagonjwa wa kike. Anayeweza anione baada ya ibada ya pili.