Mtoto na vifuniko vya chupa

Swali: Mwanangu wa miaka 4 anashinda uani akichezea udongo na vifuniko vya soda. Majirani hapa Malukhu wanasema nampotezea muda. Nimwanzishie kuandika?

Jibu: Mwache acheze, mama. Akipanga vifuniko kwa rangi, analinganisha na kuhesabu. Udongo unakomaza vidole vitakavyoshika kalamu. Karibuni ataingia kwenye mchezo wa kwepena na wakubwa: kukumbuka kanuni, kungoja zamu, kujizuia, hiyo ni kazi nzito ya sehemu ya mbele ya ubongo.

Na faida ya kucheza na mtoto hudumu: Jamaika, katika miaka ya 1980, watoto waliodumaa walitembelewa kila wiki kwa miaka 2, mama zao wakifundishwa kucheza nao. Miaka 20 baadaye mapato ya watoto hao yalikuwa asilimia 25 zaidi ya yale ya wenzao waliodumaa wasiotembelewa.

Kwa hiyo kaa naye chini, umuulize anapika nini kwa udongo wake.